Mwanasayansi wa anga anatafuta nini kwenye paa la ami yangu?

Juma lililopita, baada ya swala ya alasiri, tulikuwa barazani Langoni, Lamu, kahawa ikizunguka. Mazungumzo yakamfikia mwanamke mmoja ambaye kila mtu pale alikuwa amemsikia, au amemwona akishuka mashuani na begi lake la vifaa. Amesomea fizikia ya anga, akafanya utafiti wa setilaiti kwa miaka, na sasa anazunguka shule na vyuo vya ufundi, kuanzia Malindi hadi Faza, akifundisha umeme wa jua. Ami akaweka kikombe chini, akauliza: "Mtu asome nyota miaka yote hiyo, mwisho aje atufundishe paneli? Hiyo kazi ya juu ilimshinda?"

Wawili watatu wakaitikia. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Swali hilo nimelisikia kwa sura nyingi. Mzazi mmoja wa Malindi aliniuliza kama bintiye akisomea anga atarudi kuajiriwa na nani. Mwengine alidhani mwanawe anataka kuwa mnajimu, akamkatalia palepale. Na kila habari za setilaiti ya Kenya au za kituo cha Ngomeni zinapotangazwa, mkanganyiko uleule hurudi. Nimeona nilijibu swali la ami kwa urefu, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu iko juu ya mapaa yetu wenyewe.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wengi hupotea. Mnajimu hutazama nyota akatabiri bahati za watu, na kazi yake haina uhusiano wowote na maabara. Mwanafalaki huchunguza jua, mwezi, nyota na sayari: zinakwendaje, zimeumbwa na nini, ziko umbali gani. Mwanaanga ni yule anayepanda chombo akaenda huko juu mwenyewe, na tangu Yuri Gagarin aende mwaka 1961 watu wa aina hiyo hawajafika hata elfu moja dunia nzima. Mwanasayansi wa anga ni jina pana kuliko yote hayo. Hubuni vipimo vinavyopandishwa kwenye setilaiti, huhesabu chombo kitaishi vipi huko, kisha husoma data zinazorudi na kueleza zina maana gani. Wengi wao hawatatoka duniani maisha yao yote. Kazi yao ni ya mezani na maabarani, na ya subira nyingi.

Sisi watu wa pwani hatukuwa wageni wa elimu hii. Manahodha wetu walivuka bahari usiku kwa kuzisoma nyota, na Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 alipewa rubani aliyejua njia, akamfikisha Calicut. Wakulima nao walikuwa na kilimia, lile kundi la nyota ndogo lililopata jina lake kutokana na kulima. Wazee walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyota hizo hupotea machoni kwa wiki kadhaa kila mwaka, na aliyezifuatilia alijua lini ashike jembe. Mtu kutazama juu ili ajue afanye nini huku chini, hiyo ni kazi ya zamani sana hapa.

Sasa twende Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Wengi wanajua kwamba "Wataliano wana mambo yao kule baharini," basi. Mambo yenyewe ni haya. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alitafuta mahali pa kurushia setilaiti karibu na mstari wa ikweta, akapaona Ngomeni. Majukwaa ya chuma yakasimamishwa baharini, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikapaa kutoka hapo. Hadi mwaka 1988 setilaiti tisa zilikuwa zimerushwa kutoka maji hayo.

Kwa nini ikweta? Geuza baiskeli juu chini uzungushe gurudumu. Tope lililo kwenye tairi huruka mbali, lililo karibu na ekseli halitoki. Dunia nayo inazunguka, na sehemu iliyo ikweta ndiyo tairi: inakwenda takriban kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki. Roketi inayorushwa mashariki kutoka hapo imeshapewa mwendo huo bure, kama jiwe unalolirusha mbele ukiwa kwenye mashua inayokwenda kasi. Na mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, kwa hiyo vipande vinavyoanguka haviangukii nyumba ya mtu.

Setilaiti mashuhuri kuliko zote zilizotoka hapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, na ikapewa jina hilohilo: Uhuru. Ilikuwa ya Wamarekani, na ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kutafuta eksirei zinazotoka angani. Eksirei hizo hazifiki ardhini kwa sababu hewa yetu huzizuia, na ni heri, maana zingetudhuru. Ili uzione lazima utoke juu ya hewa. Uhuru ilizunguka huko zaidi ya miaka miwili, ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi, mahali ambapo hata mwanga hautoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Mlango wa kazi hiyo yote ulikuwa kijiji cha wavuvi ambacho watu wa Malindi hukipita bila kugeuza shingo. Hilo hunigusa kila ninapolifikiria, na sijui kwa nini watoto wetu hawaambiwi mapema.

Leo Ngomeni hairushi tena. Antena zake husikiliza. Kituo hicho hupokea data za setilaiti zinazopita juu, ikiwemo Swift, iliyorushwa mwaka 2004 kufuatilia milipuko ya miale ya gama, miale yenye nguvu kupita eksirei. Kenya nayo ina Shirika la Anga za Juu tangu 2017, na setilaiti yake ya Taifa-1 ilirushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023.

Uhuru, Swift, Taifa-1: zote tatu zilipewa paneli za sola.

Hapa ndipo jibu la ami linapoanza. Setilaiti haina nguzo ya stima wala jenereta ya dizeli. Za mwanzo kabisa zilibeba betri, na betri ikiisha chombo kilikuwa kimekufa. Mwaka 1954 watafiti wa maabara ya Bell, Marekani, walitoa kipande cha silikoni kilichogeuza asilimia 6 hivi ya mwanga wa jua kuwa umeme. Kilikuwa ghali mno kwa nyumba ya mtu yeyote. Mwaka 1958 vipande sita vya namna hiyo viliwekwa kwenye setilaiti ndogo iitwayo Vanguard 1, mpira usiozidi ukubwa wa balungi, uzito wake hata kilo moja na nusu haufiki. Ndani yake mlikuwa na redio mbili. Moja ilitumia betri, nayo ilinyamaza baada ya miezi mitatu hivi. Ya pili ilitumia jua, na iliendelea kusikika hadi mwaka 1964. Mpira wenyewe bado unazunguka juu yetu mpaka leo.

Baada ya hapo karibu kila mjenzi wa setilaiti alitaka sola, na kwa miaka mingi watu wa anga ndio waliokuwa wateja wakubwa, kwa kuwa wao tu waliweza kumudu bei. Pesa zao ziliwafanya mafundi waendelee kuiboresha paneli, na baadaye ikashuka bei, ikafika dukani Mkunguni, hapa Lamu mjini. Kwa hiyo anayetoka kwenye utafiti wa anga akaja kufundisha sola hajahama fani. Amekifuata kifaa kilekile kilipokwenda.

Nilimwuliza yule mwanamke mwenyewe (aliomba nisimtaje jina) kama anaona amebadilisha kazi. Alinijibu hivi: "Kule nilihesabu wati za chombo ambacho hakuna fundi atakayekifikia. Hapa nahesabu wati za zahanati ambayo fundi hufika kwa mashua, bahari ikikubali."

Tangu hapo nimekuwa nikiona visiwa vyetu kwa jicho hilo. Nyumba ya Kiwayu au Ndau wakati wa kusi kali iko peke yake, na inatakiwa ijitosheleze kwa jua na betri, kama setilaiti.

Mwanga, si joto

Ami ana sola nyumbani kwake Matondoni. Paneli moja ya wati 100, betri moja, taa nne na televisheni. Kila usiku saa tatu hivi kila kitu kilikuwa kinazima, naye alikuwa ameshaamua kwamba "sola ni uongo." Siku mbili baada ya mazungumzo ya barazani nilimwomba yule mwalimu apite.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Karibu, lakini nakwambia mapema, jua la hapa ni kali na bado hii kitu haina nguvu."

Kauli hiyo ndiyo dhana potofu ya kwanza, na ndiyo iliyoenea kuliko zote: kwamba sola hula joto, kwa hiyo jua likichoma zaidi umeme unazidi. Mwalimu hakubishana. Alipanda paani saa moja na nusu asubuhi, akachomoa waya za paneli, akaweka mita. Ilisoma volti, yaani msukumo wa umeme, 21 na pointi nne. Akashuka, tukanywa chai na mahamri. Saa sita na nusu mchana akapanda tena, safari hii ami akiwa nyuma yake ngazini. Kioo cha paneli kilikuwa hakishikiki. Mita ilisoma 19 na pointi sita.

Ami akaiangalia mita, akaliangalia jua. "Imeshuka?"

Imeshuka. Ili uelewe sababu, jua kwanza paneli imeumbwaje. Silikoni hutolewa kwenye madini yaliyojaa mchangani, na mchanga tunao, nenda kaone vilima vya Shela. Ikisafishwa sana na kupangwa tabaka mbili zenye tabia tofauti, inafanya kazi kama dema la samaki. Mwanga ukigonga ndani, huzisukuma chembe ndogo sana ziitwazo elektroni, nazo huvuka mdomo wa dema kwenda upande wa pili. Kurudi kwa njia ileile ni vigumu. Njia iliyobaki ni kuzunguka kupitia waya, na zikizunguka hivyo ndio umeme wenyewe, ndizo zinazowasha taa zikiwa njiani kurudi nyumbani.

Kinachosukuma ni mwanga. Washa jiko la makaa, liweke mbele ya paneli usiku kucha: utapata joto tele, na hutapata umeme wa kuwasha taa moja. Joto likizidi ndani ya paneli, elektroni huchachawa, zikaanza kupenya mdomo wa dema kurudi kinyumenyume. Ndiyo maana volti zinashuka. Paneli nyingi hupoteza kati ya asilimia 0.3 na 0.4 ya nguvu kwa kila digrii moja inayopita 25. Juu ya paa la mabati adhuhuri, paneli yenyewe ikiwa na digrii 65, hasara ni kama moja ya saba.

Mtu asinielewe vibaya: mchana bado una umeme mwingi kuliko asubuhi, kwa kuwa mwanga wenyewe umezidi mara nyingi. Ninachosema ni kwamba mwanga ndio unaoleta na joto ndilo linalopunguza. Dawa yake ni rahisi. Usiibandike paneli juu ya bati. Iinue kwa vipande vya chuma, iache nafasi ya kupita mkono, upepo upite chini yake. Huko angani hakuna upepo wa kupoza, na watu wa setilaiti hukesha wakihesabu joto litaondoka vipi. Sisi tunao kaskazi na kusi, twaupata bila malipo.

Dhana ya pili ni ndugu ya hiyo: kwamba siku ya mawingu sola imekufa. Mawingu mazito hupunguza sana, kweli, lakini madogo na ya wastani huacha mwanga mwingi ukipita. Ukiweza kusoma gazeti nje, paneli inapata kitu.

Bomba na pipa

Watu wengi huuziwa sola kwa neno moja tu, wati, na hapo hudanganyika hata bila mtu kuwadanganya. Wati ni kasi. Ni kama unene wa maji yanayotoka bombani. Kinachokaa pipani, kile unachokitumia usiku, huhesabiwa kwa wati-saa: wati mara saa. Wati-saa elfu moja ndiyo ile yuniti moja tunayonunua kwenye tokeni za stima.

Paneli ya wati 100 ikipata jua zuri la saa tano kwa siku, inatoa wati-saa 500, nusu yuniti. Ondoa joto, vumbi na kinachopotea kwenye waya na betri, zinabaki kama 370. Taa nne za wati 7 kwa saa tano ni 140. Televisheni ya wati 40 kwa saa nne ni 160. Simu nne ni kama 60. Jumla 360. Ami alikuwa ndani ya hesabu, kwa nywele moja. Pasi ya wati elfu moja ikiwashwa nusu saa tu, imekula zaidi ya siku nzima ya paneli hiyo. Hakuna aliyewahi kumfanyia hesabu hii, na mimi sioni ni kwa nini mtu auziwe sola kabla ya kufanyiwa. Inachukua dakika kumi na kipande cha karatasi.

Lakini kama hesabu yake ilitosha, mbona ilikuwa inazima saa tatu?

Mwalimu akaunganisha waya tena, betri ikaanza kupokea. Mita ikaonyesha ampea, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya, tano na kidogo. Akamwomba ami kofia yake, akaiweka juu ya paneli, ikafunika kijumba kimoja tu, kipande kimoja cha silikoni, kati ya vijumba 36. Ampea zikaanguka karibu na sufuri.

Ami aliiondoa kofia mwenyewe. Zikarudi tano. Akaiweka tena.

Vijumba vya paneli vimeunganishwa kimoja baada ya kingine. Ni kama siku ya kumwaga zege: mafundi wamejipanga mstari, karai linapita mkono hadi mkono mpaka juu. Mmoja akilala, karai haliruki kumpita, na mstari mzima umesimama. Paneli huwekewa njia za kando za kukivuka kipande chenye kivuli, ila njia hizo hukata nusu nzima ya paneli ndogo kama ya ami, na volti zinazobaki hazifiki za kujaza betri ya volti 12. Sasa tukatazama kando ya nyumba. Kulikuwa na mnazi. Kuanzia saa nane mchana kuti lake moja lilitupa kivuli chembamba pembeni mwa paneli, kivuli ambacho mtu angekiona hakina maana, na fundi aliyeifunga alikuja asubuhi hakukiona kabisa. Ami alikuwa akipoteza kama theluthi ya siku yake.

Habari ya kuinamisha nitaipita haraka. Vitabu vingi vimeandikwa na watu wa nchi za mbali na ikweta, na huko paneli huinamishwa sana. Sisi tuko digrii mbili na ushei kusini, Malindi tatu. Jua hutupita utosini katikati ya Machi na tena siku za kugeuka Septemba kuwa Oktoba, Juni liko kaskazini, Desemba liko kusini. Mwinamo mdogo wa digrii kumi hivi unatosha, zaidi ili mvua ioshe vumbi na mavi ya ndege. Tatizo kubwa la hapa ni chumvi. Osha paneli kwa maji baridi ya mvua, usitumie maji ya kisima cha chumvi, na uangalie viungo vya waya, maana kutu huanzia hapo.

Usiku wa dakika thelathini na tano

Betri ndiyo inayovunja mioyo ya watu. Nimewasikia wengi wakisema sola ni nzuri ila "betri zake hazidumu," na mara nyingi betri haina kosa.

Setilaiti iliyo karibu na dunia huizunguka kwa dakika 90 na kidogo. Kati ya hizo, dakika kama 35 iko kwenye kivuli cha dunia: huo ni usiku wake, na huupitia mara 15 au 16 kwa siku. Kila usiku inaishi kwa betri. Kwa mwaka betri hiyo inashuka na kujazwa zaidi ya mara 5,000, na haiwezi kubadilishwa. Wanaoipanga hufanyaje? Hawaitumii yote. Mara nyingi huiacha ishuke robo au theluthi hivi tu, inajazwa tena, kwa sababu betri inayokamuliwa hadi mwisho kila mara huzeeka upesi.

Nyumba yetu ina usiku mmoja wa saa 12, na tunafanya kinyume. Tunaikamua mpaka taa zinakuwa nyekundu. Betri ya risasi na asidi, ile nzito ya kawaida, isishuke chini ya nusu. Ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 (12 mara 100), kwa hiyo wewe hesabu ni 600. Za lithiamu huvumilia zaidi, unaweza kutumia sehemu nne kati ya tano, ndiyo maana bei yake ni kubwa. Na kifaa cha kudhibiti chaji, kile kisanduku ambacho mafundi wengine hukiruka ili bei ishuke, kazi yake ni kuizuia betri isijae kupita kiasi, na kilicho kizuri huizuia pia isishuke kupita kiasi. Nyumba isiyo nacho haitakaa na betri.

Betri ya ami ilikuwa imeshalala chini ya nusu kila siku kwa miezi. Mwalimu aliipima, akamwambia ukweli: imebakiza mwaka mmoja, pengine chini ya hapo.

Basi kazi ya mwalimu ni ipi?

Kufundisha ni nusu ya kazi hiyo. Nusu nyingine bado ni utafiti, na bado uko angani. Kabla ya kujenga mtambo wa sola lazima ujue mahali hapo panapata jua kiasi gani, mwaka baada ya mwaka, masika na kiangazi. Huwezi kusimamisha mtu na kipimo katika kila kijiji kwa miaka 20. Setilaiti za hali ya hewa za Meteosat, zilizo kilomita 36,000 juu, huipiga Afrika picha kila dakika 15 au pungufu. Ukizisoma picha hizo za miaka mingi ukahesabu mawingu, unapata ramani ya jua. Kusoma data za namna hiyo ndiyo kazi aliyosomea. Mtambo wa Langobaya, Malindi, ulioanza kuuza umeme Desemba 2021 na ambao huingiza hadi megawati 40 kwenye gridi, ni wa aina ambayo haijengwi kabla ya hesabu kama hizo kufanywa.

Kwa hiyo yule mzazi wa Malindi nilimjibu hivi: bintiyo akisoma hisabati na fizikia kwa bidii, akaenda chuo kikuu, akajifunza kusoma data za setilaiti, hatangoja roketi irudi Ngomeni ndipo apate kazi. Wanaotabiri mvua wanamhitaji, wanaochora ramani za mikoko na za samaki wanamhitaji, na wanaopanga umeme wa visiwa wanamhitaji. Wengine hupitia njia fupi zaidi, ya chuo cha ufundi. Tangu kanuni za 2012, fundi wa sola Kenya anatakiwa awe na leseni, nayo ina madaraja matatu, na anayeitoa leo ni Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli. Mwulize fundi wako leseni yake kabla hajapanda ngazi. Wala si utovu wa adabu.

Ami aliukata ule mnazi makuti matatu, na paneli ikasogezwa hatua nne. Jioni ile, baada ya magharibi, tulikuwa uani kwake. Kituo cha Kimataifa cha Anga, chombo kikubwa chenye watu kinachoizunguka dunia, kilikuwa kinapita. Mwalimu alikuwa na saa zake kwenye simu. Kikatokea kusini magharibi, nuru moja tulivu isiyometameta, kikapanda mpaka karibu na utosi. Kisha, kikiwa bado juu, hakuna wingu, kikafifia na kutoweka.

Mtoto mmoja akauliza kimekwenda wapi.

"Kipo palepale kinakwenda," mwalimu akasema. "Kimeingia kivulini mwa dunia. Paneli zake zimezima sasa hivi, kinatumia betri."

Ami alikuwa bado ameinua kichwa. "Na hiyo betri," akauliza, "huiacha ishuke mpaka asilimia ngapi?"